Kwa Nini Riwaya za Mauzauza ya Mjini Hazituishi Hamu

Mleta uzi

Salaam kwenu nyote. Mara nyingi husikia ikisemwa kwamba riwaya za wanyonya damu, wachawi wa mjini, majini na mizuka ni za vijana, na kwamba msomaji akishakomaa huziweka kando akahamia kwenye vitabu vya maana. Nimezisoma tangu sekondari, leo nina watoto wanaosoma, na hamu yangu haijapungua. Naomba nieleze kwa nini naamini aina hii ya fasihi, ninayoiita mauzauza ya mjini, itaendelea kuishi, kisha tujadiliane.

Hoja yangu ni hii. Riwaya hizi zinadumu kwa sababu zinazungumzia jambo ambalo kila mkazi wa mji analijua, nalo ni kuishi ukuta kwa ukuta na watu ambao hujui walikotoka wala wanachofanya usiku, na bado asubuhi unalazimika kuwasalimu na kukaa nao kwa kanuni. Hofu ina nafasi yake, lakini hofu huisha mara tu unapojua nani kamuua nani. Kinachomfanya msomaji arudi kwenye kitabu alichokwisha kukimaliza ni masharti: nani anaruhusiwa kuingia wapi, kwa idhini ya nani, na nini humpata anayevunja mwiko.

Nianze na kitabu ambacho wengi wetu tumekijua kwa filamu kuliko kwa kukisoma. Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, alichapisha Dracula mwaka 1897. Aliyetazama filamu atakumbuka ngome mlimani, joho jeusi na meno. Anayefungua kitabu anakutana kwanza na kijana wa ofisi ya uwakili, Jonathan Harker, aliyesafiri hadi Transylvania na makabrasha ya ununuzi wa nyumba, kwa sababu mwenye ngome anataka kuhamia Uingereza na amekwisha kutafutiwa jumba huko Purfleet, nje kidogo ya London. Mwenyeji huyo ana maktaba iliyojaa vitabu vya Kiingereza, mpaka orodha ya anwani za London na ratiba za treni. Lugha ameijua kwa kusoma tu, na anamwomba kijana amsahihishe anapokosea, kwa kuwa anataka siku moja apite katika mitaa ya London iliyojaa watu asiwepo hata mmoja wa kusimama na kumtazama kama mgeni. Kwao ni bwana mkubwa anayejulikana na kila mtu. Huko aendako, anajua kwamba lafudhi itamsaliti. Msomaji yeyote aliyewahi kuhamia mji mkubwa kutoka kwao anaelewa ukurasa huo bila kufafanuliwa.

Tazameni sasa jinsi anavyosakwa. Anasafiri na masanduku 50 ya udongo wa kwao, maana sharti lake ni kupumzika katika udongo wa nyumbani. Masanduku yanashuka Whitby, yanapelekwa London kwa treni, kisha yanasambazwa kwenye nyumba alizonunua sehemu mbalimbali za jiji, ili akifukuzwa hapa awe na pa kulala kule. Ingekuwa hadithi ya kale, angetokea mzee mwenye hirizi akamwonyesha shujaa njia. Katika riwaya hii Harker anazunguka kwa wachukuzi wa mizigo, anawapa cha kunywa, anawauliza walibeba nini kutoka wapi, hadi mmoja wao anatoa nyuma ya suruali yake kidaftari kilichokunjika pembe, chenye maandishi ya penseli nene yaliyofutika nusu, na humo ndimo zinamopatikana anwani ambako baadhi ya masanduku yalipelekwa. Mina, mkewe Harker, anapiga taipu shajara za kila mmoja na kuzipanga kwa tarehe. Adui aliyeishi karne nyingi anafuatiliwa kwa kumbukumbu za usafirishaji. Hapo ndipo ninapoona mwanzo wa kweli wa mauzauza ya mjini, kwani ghaibu inalazimika kupita kwenye makaratasi ya mji kama sisi wengine, na makaratasi hayo yanaacha alama.

Kabla ya Stoker walikuwepo wengine. John Polidori alichapisha hadithi yake ya mnyonya damu mwaka 1819, na Sheridan Le Fanu akatoa Carmilla mwaka 1872. Sitakaa sana hapo, kwa sababu wanyonya damu wao ni watu wa tabaka la juu na majumba ya upweke, na mji kama mji hauwashughulishi sana.

Kilichotokea Marekani kuanzia miaka ya 1980 ni kwamba waandishi waliuhamishia mji mzima ndani ya hadithi. Mwaka 1987 Emma Bull aliandika vita vya viumbe wa ngano vinavyopiganwa Minneapolis, na anayevutwa katikati yake ni mwanamuziki anayehangaika kuunda bendi mpya. Mwaka 2000 Jim Butcher akaanzisha mfululizo wa mchawi wa Chicago, Harry Dresden, ambaye ameorodheshwa kwenye kitabu cha namba za simu kwa kazi yake ya uchawi, anaitwa na polisi kutoa ushauri, na kodi ya pango humsumbua mara kwa mara. Mwaka 2001 Charlaine Harris akaandika kuhusu mhudumu wa baa katika mji mdogo wa Louisiana anayesikia mawazo ya watu, katika ulimwengu ambamo Wajapani wametengeneza damu ya bandia na wanyonya damu wamejitokeza hadharani kudai haki za uraia. Mwaka 2006 Patricia Briggs akamleta fundi wa magari ya Volkswagen katika jimbo la Washington ambaye anaweza kujigeuza mnyama wa porini.

Angalieni kazi za watu hawa: mhudumu wa baa, fundi gereji, mpelelezi wa kujitegemea. Wote wanaishi kwa kumpokea yeyote anayeingia mlangoni. Fundi hachagui mwenye gari na mhudumu hachagui mteja. Mwandishi wa riwaya hizi anahitaji mhusika ambaye riziki yake inamlazimu kukutana na kila aina ya kiumbe na kuwa mstaarabu naye mpaka atakapoona sababu ya kuacha ustaarabu. Nadhani ndiyo maana wafalme na mabinti wa wafalme hawafanyi vizuri sana katika fasihi hii.

Nawakaribisha mchangie, hasa wale wenye visa vya miji yetu.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa mada nzito. Umenikumbusha kisa ambacho hakuna mtoto aliyelelewa Mombasa asiyekijua, cha mwanamke mrembo anayesimamisha gari usiku. Dereva anampakia, wanazungumza vizuri, manukato yamejaa ndani ya gari, hadi dereva anapotupa macho chini na kuona kwato badala ya miguu. Naomba mzingatie kwamba msimulizi wa kisa hiki haanzi kamwe kwa kusema hapo zamani za kale. Anataja mahali: mara ni Nyali karibu na daraja, mara ni foleni ya feri Likoni. Anataja pia saa, na husema dereva ni wa mtaa fulani, tena anamjua ndugu yake. Usahihi huo wa mahali ndio unaokufanya uitazame barabara kwa jicho jingine unapopita kesho yake.

Tena kisa hakiishii hapo. Dereva anatoka mbio, anamkuta mlinzi wa usiku kwenye geti la jumba fulani, anamshika mkono na kumweleza huku akihema kwamba ameona mtu mwenye kwato. Mlinzi anamsikiliza kwa upole, kisha anapandisha suruali yake na kumuuliza, "Kwato kama hizi?"

Tulipokuwa watoto tulicheka. Nilipokuwa mtu mzima nikaona kwamba anayekusudiwa kutuogofya ni yule mlinzi. Mwanamke wa barabarani unaweza kukataa kumpakia. Mlinzi ndiye uliyemkimbilia akuokoe, amevaa sare, yuko kazini, na ukamwamini kwa sababu ya sare tu. Hili linaunga mkono hoja yako kuhusu kuishi na watu usiowajua, ila mimi ningeongeza kwamba mji unatulazimisha kumwamini mtu kwa sababu ya kazi yake, na hadithi hizi zinagusa hapo panapouma.

Mleta uzi

Ahsante sana. Jambo la sare umelisema vizuri kuliko nilivyokuwa nimelifikiria, nami nitalipeleka nyuma kidogo kwenye historia yetu.

Enzi za ukoloni, watu wa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Mombasa walikuwa na wanyonya damu wao wa mjini, nao hawakuwa na meno marefu. Walikuwa ni wazimamoto. Ilisemekana kwamba watu wa gari jekundu huwakamata wapita njia usiku, huwapeleka mahali pa siri na kuwatoa damu. Kwetu jina lililozoeleka zaidi lilikuwa mumiani, na wazee wengi walilitumia kuwatisha watoto wasizurure baada ya magharibi. Huko Katanga watu walisimuliana kuhusu batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya katika Kenya, Uganda na kwingineko, akayaandikia kitabu kilichotoka mwaka 2000, na hoja yake kubwa ni kwamba uvumi huo haufai kupuuzwa kana kwamba ni ujinga, kwa sababu unaonyesha jinsi watu walivyoziona kazi mpya, magari mapya, hospitali na sare za utawala uliowatoza kodi na nguvu kazi bila kuwaeleza mambo yake.

Fikirini mfanyakazi wa wakati ule aliyehamia mjini kutoka kijijini. Anaona jengo kubwa la serikali lenye gari linalong'aa, watu wanaokaa ndani mchana kutwa bila kazi inayoonekana, na mara moja moja linatoka kwa kishindo na kengele. Moto wenyewe hauoni, kwa kuwa unawaka mtaa mwingine. Kitu gani basi kinawalipia watu hawa mshahara? Swali ni la haki kabisa, na jibu ambalo mitaa ilijitungia lilikuwa la kutisha lakini lenye mantiki ndani yake. Miaka michache tu inatenganisha Dracula wa London na mumiani wa miji yetu, wala hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimzaa mwingine. Miji ilikuwa inakua kwa kasi pande zote mbili, na watu walikuwa wakiuliza nani anakula jasho lao.

Ndiyo maana napata shida ninapoambiwa kwamba mauzauza ya mjini ni fasihi ya kuletewa. Mapambo yake ya kisasa ni ya kuletewa, kweli. Malighafi tulikuwa nayo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mleta uzi, nakuheshimu, ila siwezi kukubaliana nawe kirahisi. Unazungumzia imani hizi kana kwamba ni hazina ya sanaa tu. Sisi tunaishi katika nchi ambayo bibi vizee wameuawa Usukumani kwa sababu macho yao ni mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote. Tunaishi katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mwaka 1995, uvumi wa popobawa, kiumbe wa ghaibu aliyesemekana kuwashambulia watu usiku, ulipotoka Pemba ukaingia Unguja, mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Huyo hakuwa mhusika wa riwaya.

Fungua simulizi za mtandaoni leo uone. Kila ya pili imeandikwa juu yake "kisa cha kweli", na ndani yake shangazi ndiye aliyemroga mtoto, au mpangaji mwenzake ndiye anayemiliki misukule. Msomaji anamaliza sehemu ya mwisho, anafunga simu, halafu anamtazama shangazi yake. Nani atabeba dhamana hiyo? Mwingereza anaweza kucheza na wanyonya damu kwa sababu hakuna jirani yake atakayechomwa moto kesho. Sisi hatuna nafasi hiyo.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hili ndilo pingamizi zito kuliko yote na sitalijibu kwa wepesi. Uliyoyasema yote ni kweli. Nataka tu tutenganishe vitu viwili ambavyo nadhani vinachanganywa.

Maneno "kisa cha kweli" yanafanya kazi maalumu. Yanamwondolea mwandishi wajibu wa kutunga vizuri, kwa maana akiulizwa mbona jambo hili haliingii akilini, hujibu kwamba ndivyo lilivyotokea. Vilevile yanamwondolea msomaji kinga aliyokuwa nayo, ile ya kujua kwamba amekaa mbele ya kazi ya sanaa. Shangazi wa simulizi hizo hana kauli. Hatujui alifikiri nini, alitaka nini, alikuwa na njaa ya nini. Yupo ili agundulike katika sehemu ya 40. Hiyo ni tuhuma iliyovishwa nguo za hadithi, na nakubaliana nawe kwamba ni hatari.

Riwaya nzuri ya mauzauza inafanya kinyume cha hayo, kwa sababu inakukalisha kurasa 300 ndani ya kichwa cha mtu anayeshukiwa, au cha jirani anayelazimika kuamua kama amtoe au amfiche. Kwa Charlaine Harris, sheria ya nchi inawatambua wanyonya damu, na swali ni kama watu wa mji mdogo watawatendea kama raia. Pana kundi la waumini linalotaka wateketezwe, na mwandishi anatuonyesha kundi hilo kwa macho ya mtu anayehofia kuwa karibu nao. Msomaji wa kitabu hicho amefanya mazoezi ya kutokimbilia kuwasha kiberiti.

Kuhusu popobawa, naomba tuliangalie sharti moja ambalo masimulizi ya Zanzibar yalilirudia: aliyetokewa alipaswa kuwatangazia wengine, la sivyo angerudiwa. Watu walilala nje kwa makundi, wakiwa wamewasha moto, kwa sababu usalama ulikuwa katika kuwa wengi na kusema wazi. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, visiwa vilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Sidai kwamba uchaguzi uliuzaa uvumi, maana mambo haya hayana uzazi rahisi namna hiyo. Nasema kwamba mwandishi mwenye kipaji, akiyaweka mambo hayo mawili ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar, pamoja na mtu anayekataa kutangaza yaliyompata na majirani wanaoanza kumshuku kwa ukimya wake, angeweza kuandika riwaya itakayowafanya watu waone jinsi umati unavyoundwa. Yule marehemu uliyemtaja angekuwa na jina na mama katika kitabu hicho. Katika uvumi hakuwa na chochote.

Fasihi yetu haikuanza jana kushughulika na jambo hili. Muhammed Said Abdulla, aliyetuachia mpelelezi Bwana Msa, alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wako tayari kuwasingizia wahenga, na Bwana Msa anavuta kiko chake na kuonyesha kwamba muuaji ana mikono ya binadamu. Hiyo ni tiba kwa hofu unayoisema, ndugu yangu, na namheshimu sana mwandishi yule. Hata hivyo, jibu lake linaufunga mlango. Mzimu ukishaelezwa, hauna tena la kutuambia.

Kuna mlango wa zamani zaidi ambao nadhani hatukuupita vya kutosha, nao ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Wengi tuliisoma shuleni kwa ajili ya maadili yake, tukasahau jinsi inavyofunguka. Mfalme Rai anaona kodi ya Janibu haijafika, anamtuma Ikibali akaifuatilie. Ikibali analala nyumbani kwa Adili, na usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mpole kuliko wote, akichukua kiboko na kuwachapa manyani wawili, kisha akiwalisha chakula kizuri huku akilia. Manyani wale ni ndugu zake waliomtosa baharini, na jini aliyemwokoa amemwekea sharti la kuwachapa kila usiku, la sivyo adhabu itamgeukia yeye. Yote haya yanagunduliwa kwa sababu ya hesabu za kodi! Mtumishi wa serikali amekwenda kufuatilia mapato, akakuta mkataba kati ya binadamu na jini ukiendelea kutekelezwa katika chumba cha nyuma. Ukinipa kitabu cha leo chenye tukio kama hilo, nitakiita mauzauza ya mjini bila kusita. Na jambo linalomkaa msomaji ni uchungu wa Adili, aliyelazimishwa na sharti kuwa katili kwa watu anaowapenda. Uzuri wa jini hausogelei hapo.

Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimrudisha babu kutoka kaburini amfuate mjukuu wake K, mtu mwenye cheo na starehe zake, na kumlazimisha kuyatazama mambo aliyoyapa kisogo. Mzuka ule hauelezwi ukaisha. Unadai.

Mchangiaji, London

Nimesoma uzi wote na ninaomba kuongeza jambo moja kama mtu niliyekuja huku kufanya kazi na nikabaki. Ben Aaronovitch aliandika Rivers of London mwaka 2011, kuhusu askari polisi kijana ambaye mama yake ametoka Sierra Leone na anafanya usafi maofisini. Askari huyu, Peter Grant, analinda eneo la mauaji usiku, anatokewa na shahidi, na katikati ya maelezo anagundua kwamba shahidi ni mzuka. Naye kwa kuwa ni askari anaendelea kumhoji. Baadaye anakutana na mungu wa mto Thames, na mungu huyo ni mwanamke aliyetoka Nigeria kuja kusomea uuguzi.

Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Nimeuvuka mto ule mara nyingi mno nikienda zamu za usiku, na haikunipitikia kwamba mtu anaweza kuandika kuwa mto huo umechukuliwa na mama wa Kiafrika, mwenye sebule iliyojaa jamaa na chakula. Na sharti lipo pia, mleta uzi: Peter ameonywa asile wala asinywe kitu katika nyumba ile kabla hajahakikishiwa kwamba hatafungwa na wajibu wowote. Bibi yangu alituambia vilevile kuhusu kuzimu, kwamba ukifika huko usile. Mwandishi Mwingereza na bibi yangu wa Tanga wamekubaliana, na hawakuwahi kuonana.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimeyasoma majibu kwa makini. Kuhusu "kisa cha kweli" tumeelewana. Bado naona mwandishi wa kwetu ana mzigo ambao mwenzake wa Chicago hana, lakini nakubali kwamba mzigo si sababu ya kutoandika. Nina swali la pili basi: kitabu cha namna hiyo kwa miji yetu kingehusu nini? Maana wanyonya damu wa Louisiana hawatavuka bahari wakaeleweka Mbagala.

Mleta uzi

Swali zuri, na mifano ya Afrika ipo. Lauren Beukes aliandika Zoo City mwaka 2010, riwaya ya Johannesburg iliyopata tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata. Humo, mtu mwenye hatia ya damu hupewa mnyama asiyetengana naye maisha yake yote, na jamii humtambua kwa mnyama huyo popote aendapo. Mhusika mkuu, Zinzi, anaishi katika jengo lililochakaa, anabeba mnyama wake mgongoni, na anaandika barua pepe za kitapeli ili alipe deni. Mpenzi wake ni mkimbizi kutoka Kongo. Hakuna ngome, hakuna joho, na mtu yeyote aliyewahi kutafuta chumba mjini akiwa na historia inayomfuata atakielewa kitabu hicho. Nnedi Okorafor naye, katika Lagoon ya mwaka 2014, ameifanya barabara kuu ya kutoka Lagos kuelekea Benin kuwa kiumbe kinachomeza wasafiri.

Kwa Dar es Salaam, mimi ningeanza na chuma ulete. Kila mwenye duka anaijua. Mteja anakuja na noti kubwa, ananunua kitu kidogo, anapewa chenji, anaondoka kwa adabu zote. Jioni hesabu haitimii. Bidhaa zimetoka, pesa hazipo, na inasemekana ile noti imeondoka na wenzake kurudi kwa mwenyewe. Wapo wanaoweka ndimu, chumvi ya mawe au kipande cha mkaa kwenye droo kama kinga, na wapo wasiokubali kupokea noti mkono kwa mkono bila kuiweka kwanza juu ya meza. Hapa tayari pana masharti, kaunta, mgeni anayepaswa kuhudumiwa kwa heshima ingawa anashukiwa, na msichana wa dukani atakayefukuzwa kazi kwa hesabu ambayo pengine tajiri mwenyewe ndiye aliyeivuruga. Riwaya iko kwa huyo msichana. Anajua hakuiba. Ana njia mbili tu za kujitetea, na njia mojawapo ni kumtaja mteja fulani kuwa mchawi. Atafanyaje? Na ikiwa siku hizi wateja wengi wanalipa kwa simu, kila muamala ukiacha ujumbe wenye saa na jina, mwenye chuma ulete anafanya kazi vipi? Harker alimkaribia adui yake kwa kidaftari cha mchukuzi. Msichana huyu anayo meseji za miamala ya mwezi mzima.

Msukule nao unasubiri mwandishi wake. Filamu zetu za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilionyesha kwamba watazamaji wapo na wana kiu. Lakini mtu anayedhaniwa amekufa, amezikwa, ameliliwa, kumbe yuko hai shambani au nyuma ya kiwanda akifanya kazi usiku bila ujira na bila ulimi wa kusema, hajapata riwaya anayostahili, yaani riwaya inayoanzia ndani ya kichwa chake, siku anapoanza kulikumbuka jina lake.

Kwa walioniuliza pembeni waanze na kipi: anayesoma Kiingereza aanze na Zoo City, kisha arudi kwa Dracula akiwa na subira, na asiziruke sura za masanduku hata kama anaona zinachelewesha mapambano. Anayetaka Kiswahili aichukue tena Adili na Nduguze, aisome kama mtu mzima, na akifika usiku ule Ikibali anapochungulia, ajiulize angeandika nini katika ripoti yake kwa mfalme.